Nampeleka bi mkubwa Dar siku tatu, hajawahi kuona bahari. Naombeni ratiba

Binti Kibaigwa:

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni mawazo ila msinicheke.

Mama yangu ana miaka 68 na maisha yake yote ni Kibaigwa, huku Dodoma. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Morogoro, tena kwa msiba, akalala matanga siku tatu akarudi. Sasa mwaka huu alizeti imemkubali, kauza vizuri, mimi nikajua hela inaenda kwenye mabati maana jiko lake linavuja toka enzi, mara ananiambia "nipeleke nikaione hiyo bahari mnayoisemaga." Hataki mjadala. Basi tumepanga mwisho wa mwezi wa sita wakati shule zimefungwa, tunaenda mimi, yeye na wanangu wawili, mmoja ana miaka 9 mwingine 6. Tunatoka Dodoma Ijumaa asubuhi na treni ya SGR, tunarudi Jumatatu asubuhi. Nauli nimeshapiga hesabu, daraja la kawaida 31,000 mtu mzima, watoto nusu, yani 93,000 kwenda na 93,000 kurudi. Nikishatoa hiyo nabaki na kama laki tano ya kulala, kula na kuzunguka.

Mimi mwenyewe Dar nimekaa miezi minne tu nilivyokuwa fildi, tena Gongo la Mboto, nilichokuwa nakijua ni njia ya kazini na ya kurudi basi. Ratiba niliyotunga ni hii: Ijumaa tukifika tu Makumbusho ya Taifa, Kariakoo, jioni ufukwe wa Coco. Jumamosi asubuhi kisiwa cha Mbudya, mchana Kijiji cha Makumbusho, jioni Mlimani City watoto wakashangae maduka. Jumapili boti ya asubuhi Zanzibar kurudi jioni, tukishuka tupitie maonyesho ya Sabasaba. Mnaionaje?

Mzawa wa Ilala:

Hiyo ratiba hata msafara wenye ving'ora hauimalizi.

Kondakta Mstaafu:

Dada yangu, mimi nimekula vumbi la barabara za mji huu miaka kumi na tano nikiwa mlangoni, ngoja nikwambie. Dar haipangwi kwa kilomita, inapangwa kwa upande. Ukiangalia ramani Posta mpaka Kunduchi unaona mbona hapo tu, sasa ingia Bagamoyo Road Jumamosi saa kumi jioni uone, mpaka mfike Mwenge watoto wameshalala, mama anauliza kama bado ni Dar hiyo hiyo. Kwahiyo siku moja upande mmoja, ukishaenda huko usirudi mjini halafu utoke tena.

Ijumaa mnashuka stesheni, iko katikati ya mji pale karibu na Gerezani, kwahiyo msihangaike kwenda mbali. Chukueni chumba hapo hapo mjini au Kariakoo, mama alale kidogo. Jua likipoa mtembee Sokoine Drive taratibu, mtapita kanisa la St. Joseph, mbele yake Azania Front lile la Kilutheri lenye vigae vyekundu, Wajerumani walilijenga 1898, mpaka mnatokea Feri. Hapo mvuke pantoni kwenda Kigamboni. Shilingi 200 mtu mzima! Kwa 200 mama yako anapanda chombo cha majini, hayo mambo ya boti ya Zanzibar achana nayo. Mkiwa mnavuka simameni mkono wa kushoto, ndio upande wa mdomo wa bahari, meli zinaingilia huko, kulia ni bandari na makreni. Ila msivuke baada ya saa kumi na moja, watu wa Kigamboni wakitoka kazini pale pantoni ni vita, geti likifunguliwa wanakimbia kama wameachiwa ng'ombe, bibi wa miaka 68 watamwangusha.

Jumamosi mapema sana, saa mbili mbili hivi, Kariakoo kabla haijachachamaa. Jumapili mwendeni Kijijini Makumbusho. Mbudya na Zanzibar futa.

Zenji Damu:

Kondakta usimkatishe mtu tamaa bana, Zanzibar ni masaa mawili tu na boti, anatoka asubuhi saa nne yupo Forodhani, anazunguka Mji Mkongwe, anakula, jioni karudi. Watu wanafanya kila siku. Mama mtu mzima amefika Dar halafu asione Unguja kwa masaa mawili? Hiyo ni sawa na kufika kisimani usinywe maji.

Nahodha Mkavu:

Zenji ndugu yangu wewe unajua kabisa mwezi wa sita mwishoni kuna nini. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini. Boti inapigwa kama chekeche, wahudumu wanapita wanagawa vimfuko vya kutapikia kabla hata hamjaitoa miguu Dar. Mimi niliyezaliwa pwani huwa nafumba macho. Umchukue mama wa Kibaigwa ambaye hajawahi kuona hata wimbi umweke humo kwa masaa mawili kwenda na mawili kurudi siku hiyo hiyo, akirudi nyumbani atasema bahari ni ugonjwa. Mbudya nayo ni hivyo hivyo, viboti vya Kunduchi ni vidogo, kushuka unashukia majini nguo ziloane, kwa watoto raha, kwa yeye sidhani.

Ila kuna jambo hakuna aliyeligusa na ndio la msingi kuliko yote, bahari unamwonyesha SAA NGAPI. Nyie watu wa bara mnadhani bahari iko pale pale muda wote kama bwawa. Mimi nilimleta baba mkwe kutoka Tabora, mzee wa heshima zake, nikampeleka Coco saa nne asubuhi, nimevaa na miwani kabisa najiona mwenyeji. Tunafika, maji yamekupwa yote. Yameondoka. Kilichobaki ni miamba myeusi na majani yananuka, wamama wameinama huko mbali wanaokota vitu kwenye madimbwi. Mzee akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniuliza kwa upole kabisa, "imekauka lini?" Mpaka leo akinipigia simu lazima aulize kama mvua zimenyesha na bahari imerudi.

Kwahiyo angalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndio bamvua, maji yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne asubuhi yanakuwa yamekupwa vibaya. Kila siku inayofuata unasogeza mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanajaa mida ya saa nne tano lakini hata hayajai sana wala hayapwi sana. Sasa hiyo Ijumaa yako kama ni ya tarehe 27, mwezi unakuwa na siku mbili tu tangu uandame, kwahiyo bahari itakuwa imejaa saa kumi na moja na kitu jioni. Na jua linazama saa kumi na mbili na robo. Umepata bahati ambayo hata hujaiomba. Achana na Feri Ijumaa, pale bandarini maji yana mafuta ya meli, mtu akiona mara ya kwanza ataona ziwa lenye makontena. Chukua gari mjini saa kumi, mwambie dereva apite Daraja la Tanzanite, lile la kilomita moja juu ya maji, mnatokea moja kwa moja Coco na maji yamejaa mpaka ukingoni.

Kondakta Mstaafu:

Kwenye maji kupwa nimeinua mikono, sikuliwaza hilo. Ila Feri usiifute, ihamishie Jumamosi. Na watoto Coco wasiogelee, miguu tu, pale kuna miamba na maji yanavuta, kila mwaka tunazika.

Mama Junior:

Mdogo wangu mimi nakuomba kwenye malazi tu. Usitume hela kwa mtu wa mtandaoni. Mwaka juzi nilikuja na familia kwenye harusi, nikaona apatimenti nzuri, mashuka meupe, friji, elfu 70 kwa siku, mwenye nayo sauti laini "dada lipia nusu tu nikushikie maana wateja wengi." Nikalipia. Tumefika saa tatu usiku na mabegi, namba haipatikani, tumesimama kwenye geti tuliloelekezwa mlinzi anasema hapa ni stoo ya saruji. Na sisi hatukuwa wa kwanza, alikuwa ametuzoea mpaka anatoa kiti watoto wakae. Kwahiyo mtume mtu aliyeko Dar aende kwa miguu yake akione chumba, au fikeni mchana mtafute wenyewe, mchana hamkosi loji ya elfu 40 mpaka 60 yenye kiyoyozi. Na uliza maji yanatoka? Na uliza iko ghorofa ya ngapi, lifti ipo? Magoti ya mama uyafikirie.

Mzawa wa Ilala:

Kariakoo mkienda asinunue kitu kwa wanaotembeza mkononi. Mjomba wangu kutoka Singida aliuziwa raba kali sana elfu 15, kwenye boksi, karatasi zake na kila kitu. Kufika nyumbani zote mbili za mguu wa kushoto. Alizivaa hivyo hivyo shambani miaka miwili, hasira.

Binti Kibaigwa:

Jamani nimecheka mpaka mama kaniuliza kuna nini, nikamsomea ya baba mkwe wa Tabora, akasema "na mimi ningeuliza hivyo hivyo."

Haya nimeelewa, Zanzibar na Mbudya nimefuta. Maswali yangu: moja, mama ni Mwanglikana wa damu, Jumapili hawezi kukosa ibada hata mvua ya mawe inyeshe, karibu na mjini kuna kanisa? Mbili, Sabasaba si inaanza Jumamosi hiyo ya tarehe 28, tusipite kweli? Tatu, mama kadi ya NIDA, kitambulisho cha taifa, hana, ana namba tu, SGR watamkubalia? Nne, huko Kijiji cha Makumbusho kuna nini hasa, maana naona mnakitaja tu.

Kondakta Mstaafu:

St. Alban, Posta pale. Mnatoka ibadani mnatembea dakika chache mnamwona Askari, lile sanamu la shaba katikati ya barabara, 1927 hilo, na kabla yake Wajerumani walikuwa wameweka la gavana wao Wissmann, Mwingereza alipouchukua mji akaling'oa. Waonyeshe watoto bunduki ya Askari inaelekea bandarini. Maandishi yapo ya Kiswahili, yanawahusu mpaka wapagazi walioshika mizigo ya jeshi vita ya kwanza. Na Kariakoo ndio jina lilikotoka, Carrier Corps, kambi ya hao wapagazi ilikuwa pale, ulimi wa Kiswahili ukalipindisha. Watoto wa shule hiyo ni historia ya bure.

NIDA namba inatosha, nina shangazi anasafiri na karatasi iliyochapishwa, ila jina la kwenye tiketi lilingane na la kitambulisho herufi kwa herufi. Na fikeni mapema, treni ile haimsubiri mtu, sio basi la kumwambia konda shikilia nakuja.

Sabasaba siku ya kwanza mabanda mengine bado wanagonga misumari. Na Kilwa Road hiyo foleni. Kama watoto watalia sana sawa, vinginevyo hela yako itunze.

Mjukuu wa Chifu:

Kuhusu Kijiji cha Makumbusho nijibu mimi maana huwa napeleka wageni. Kipo tangu miaka ya 60, ni eneo lenye miti halafu nyumba za asili za makabila mbalimbali, zimejengwa saizi yake kabisa, unaingia ndani, msonge wa Wahaya upo, na vitu vya ndani, vitanda, vinu, maghala. Wikiendi mara nyingi kuna ngoma mchana. Kiingilio kwa Mtanzania ni hela ndogo. Na tembe la Kigogo lipo, kwahiyo jiandae, umemtoa mama Ugogoni na treni ya umeme kilomita mia nne na kitu kuja kuangalia tembe hahaha.

Ukitaka ya ndani yenye kivuli Jumamosi mchana basi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Habari zote za fuvu la Zinjanthropus, lile Mary Leakey alilolikuta Olduvai 1959, ziko pale, ila watoto wa kiume wako ukweli utawakuta kwenye magari ya zamani ya viongozi, hawatoki. Kuna mabenchi, kuna vyoo, kwa mtu mzima ni pazuri.

Nahodha Mkavu:

Mrejesho lazima. Usipotee kama wengine, mnaomba ushauri mkishapata kimya.

Binti Kibaigwa:

MREJESHO. Tumerudi Jumatatu salama. Naandika nikiwa nimechoka kwahiyo mnivumilie makosa.

Treni mama hakulala hata dakika. Tulivyoingia kwenye mahandaki ya huko Kilosa akanishika mkono akasema "tumeingia mlimani na hakuna aliyepiga hodi." Tumefika, loji tulipata elfu 50 chumba kimoja kikubwa cha chini, kaka mmoja aliyenicheki pembeni humu alikwenda kukiangalia siku moja kabla, Mungu ambariki sana.

Sasa Ijumaa. Nilimsikiliza Nahodha, saa kumi tuko kwenye gari. Juu ya Daraja la Tanzanite mama alikuwa anaangalia upande wa majengo, sikumwambia kitu, mdogo ndio akapiga kelele "bibi huku!" Akageuka. Hakusema chochote mpaka Coco tumeshuka. Maji yamejaa kweli, yanapiga ukingo, na upepo ule wa kusi mtandio wake unapepea. Akasimama muda mrefu mikono nyuma kama anakagua shamba la mtu. Mwisho akaniuliza ng'ambo ni wapi, nikasema India, akasema "na wao huko wamesimama wanatuangalia?" Halafu akakunja kitenge akaingia mpaka kwenye magoti, mimi roho juu, wimbi likaja likachomoa kandambili moja ikaenda. Nikataka kuifuata, akanizuia, wimbi la pili likaja likaitupa pale pale mbele ya miguu yake. Akaicheka. Akachovya kidole akaonja, akatema, "kali kuliko chumvi ya Bahi." Wakati wa ujana wake walikuwa wananunua ile chumvi ya udongo wa Bahi, wanaichuja wenyewe.

Mihogo ya kukaanga tulikula mpaka tukasahau chakula cha usiku. Na pilipili ile jamani.

Jumamosi Kariakoo tulikaa saa moja na nusu tu, mama alisema watu wote hawa nani anawapikia. Alinunua kanga doti mbili na sufuria, sufuria! Kibaigwa zipo, lakini alisema hii ni ya Kariakoo. Feri tuliona samaki, alimwona pweza kwenye meza bado anajikunja akakataa kabisa kwamba ni chakula, muuzaji akamwelezea faida za supu yake kwa wazee wa kiume, mimi nikajifanya sisikii. Pantoni tulivuka na kurudi mara mbili kwasababu watoto walitaka tena. Makumbusho ya Taifa nako, yale ya magari ni kweli kabisa, Mjukuu hukukosea.

Jumapili baada ya ibada ndio Kijijini. Mjukuu wa Chifu ungekuwepo. Mama kafika kwenye tembe la Kigogo, kaingia ameinama vizuri kama anaingia kwake, kakaa mlangoni kwenye kigoda. Wakaja watu na mgeni wao Mzungu, mmoja akauliza kwa sauti hii paa la udongo mvua si inaingia, mama akadakia, akaanza kueleza fito zinapangwaje, udongo unakandikwa lini, ndama wanalala upande gani, kwanini mlango uwe mfupi. Nusu saa. Mzungu anatafsiriwa anaandika. Wakati wa kuondoka wakampa elfu kumi wakidhani ni mfanyakazi wa pale, na yeye akaipokea akaifunga kwenye pindo la kitenge bila hata kuniangalia.

Hela ilitosha, nimerudi na elfu 38. Mlimani City na Sabasaba hatukufika na watoto hawakukumbuka.

Zenji Damu:

Hongera sana dada. Sasa Unguja mwezi wa kumi na mbili, upepo wa kaskazi ukiwa bado mchanga bahari shwari kabisa. Mwambie mama.

Binti Kibaigwa:

Nimemwambia. Anasema kwanza mabati. Kingine nimesahau kuwaambia, amerudi na maji ya bahari kwenye chupa ya lita moja na nusu, mimi sikujua mpaka tumefika nyumbani naona anaitoa kwenye begi katikati ya nguo. Majirani tangu jana wanakuja kuonja kwa kijiko, mmoja kaomba ya kupaka mguu. Chupa kaihifadhi kwenye friji la dukani kwa mdogo wangu, imebidi tuiandikie karatasi SIO YA KUUZA maana juzi mteja nusura ainunue akijua ni ya kunywa.